Biashara ya kijamii ya mwani: faida tunaiandika kwenye ripoti, hasara anaibeba nani?

BintiWaBamvua aliandika:

Assalaam alaykum wakubwa zangu na wenzangu.

Nimekaa na swali hili tangu mwezi wa Machi, na naona nikiendelea kulibeba peke yangu litanishinda. Natokea pwani ya mashariki ya Unguja, kijiji kilicho baina ya Paje na Makunduchi. Nimesoma sosholojia Dar es Salaam, nikarudi nyumbani, na huu ni mwaka wa nne nimeajiriwa na kampuni ndogo inayonunua mwani kijijini, inausaga na kutengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka. Kampuni inajitambulisha kuwa ni biashara ya kijamii, yaani biashara inayouza ili kuinufaisha jamii, siyo wenye mtaji tu. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu na, kila mwisho wa mwaka, kuandika ripoti ya mafanikio inayokwenda kwa wafadhili na wawekezaji.

Mama yangu ni mkulima wa mwani. Anaiuzia kampuni hiyohiyo.

Kwa asiyeujua mwani: kilimo cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameufanyia utafiti na kuuhimiza miaka mingi kabla ya hapo. Maji yakitoka unachomeka vijiti mchangani, unavuta kamba baina yake, unafunga vipande vya mbegu kwa tai-tai, vile vijikamba vyembamba, kimoja kimoja, mgongo umeinama na jua linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye maji. Bamvua, zile siku maji yanapokupwa sana, likirudi unakwenda kusafisha na kukaza. Wiki sita hivi unavuna. Mbichi unaubeba kichwani, mzito, unachuruzika maji ya chumvi mpaka machoni. Ukiuanika, kilo saba au nane zinakuachia kilo moja kavu. Huo mkavu ndio unaosafirishwa, na huko nje wanatoa kitu cha kugandisha kinachoingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Wakulima Zanzibar nzima wanapita 20,000, na katika kila kumi, wanane au zaidi ni wanawake.

Mama alianza 1991. Pesa yake ya kwanza ya maana alinunua kitanda. Ya pili akaanza kununua mabati, bati moja moja, akiyaweka kwa dada yake ili yasije yakauzwa wakati wa shida ya mtu mwengine. Wanaume wa kijiji walinung'unika mwanzoni: mwanamke anashinda pwani, watoto watakula nini, heshima iko wapi. Baadaye walipoona sare za skuli zinanunuliwa kwa pesa ya mwani, kelele zikapungua. Nilipokuja kusoma chuoni kuhusu mwanamke na mamlaka ndani ya nyumba, mimi nilikuwa nayaona yale mabati. Nyumba tunayolala leo imeezekwa nayo.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sikuja hapa kusema biashara ni mbaya.

Sasa tatizo. Zamani mama alilima kotonii, mwani mnene wenye bei nzuri. Kuanzia miaka ya 2000 maji ya kina kifupi yalipozidi joto, kotonii ilianza kupauka, inakuwa nyeupe, inalainika, inakatika na kuondoka na mawimbi. Wanawake wengi wakahamia spinosamu, ambayo inavumilia zaidi lakini bei yake ni ndogo. Kotonii inataka maji ya kina na baridi, na huko kunahitaji chombo na kuogelea. Mama yangu ana miaka 58, amefanya kazi baharini zaidi ya miaka thelathini, na hajui kuogelea. Wenzake wengi vilevile. Hivyo bahari ilipobadilika, mwani wa bei uliwakimbia waliokuwa wameujenga.

Kaskazi iliyopita hata spinosamu ilikufa. Mama alifunga kamba 120, akavuna 15. Kamba na tai-tai alizichukua kutoka kampuni kwa mkopo, kama wenzake wote, unakatwa unapouza. Sasa anadaiwa kamba ambazo bahari imezichukua. Kampuni ilikuwa na akiba ghalani, ikaendelea kutengeneza sabuni. Mimi nililipwa mshahara wangu. Mwezi uliofuata nikakaa kuandika ripoti: wanawake 64 wamefikiwa, 12 wameajiriwa kiwandani, kipato kimeongezeka kwa hawa 12 ukilinganisha na walivyokuwa wakipata pwani. Yote ni kweli. Nikaongeza safu moja niliyoiita "hasara", nikaandika kamba ngapi zimepotea na deni limebaki kwa nani. Meneja wangu, ambaye ni mtu mwema na nasema hivyo kwa moyo wangu wote, aliniambia kwa upole niiondoe, kwa sababu fomu ya wafadhili haina safu hiyo.

Niliiondoa. Usingizi haukuja.

Chuoni tulisomeshwa kazi za Nancy Fraser, yule mwanafalsafa wa Marekani, kwamba haki ina nyuso tatu: mali inagawanywaje, mtu anathaminiwaje, na nani ana sauti pale panapoamuliwa. Nimejaribu kuipima kampuni yetu kwa nyuso hizo. Mali: sabuni moja inauzwa kwa watalii shilingi 15,000, na kilo nzima ya mwani mkavu mama ameuza kwa 700. Najua kuna mafuta ya nazi, vifungashio, kodi, mishahara, lakini bado. Kuthaminiwa: kwenye karatasi ya sabuni kuna picha ya jirani yetu akiwa pwani, amejitanda kanga. Anafurahi kujiona. Hakuna aliyemuomba ruhusa. Sauti: bodi ina watu watano na hakuna hata mmoja aliyewahi kufunga tai-tai.

Lakini hata hizo nyuso tatu naona zinazungumzia zaidi kinachopatikana. Mimi nataka kuuliza kuhusu kinachopotea. Biashara ya kijamii inatofautianaje na biashara nyengine, ikiwa bahari ikichemka mzigo unabaki kichwani mwa yuleyule? Mlioko kwenye kahawa, maziwa, asali, vikoba, nyinyi mmelitatua vipi? Naomba mnijibu kwa yale mliyoyaona.

---

MzeeWaKihamba alijibu:

Binti yangu, salamu zako nimezipokea hapa Kibosho, Kilimanjaro, mlima umejifunika mawingu toka asubuhi.

Umetaja 1989. Huo mwaka siusahau. Wakati ninyi mnaanza kuchomeka vijiti baharini, sisi huku tulikuwa tunaanguka. Mpaka Julai ya mwaka huo nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa na mapatano ya kugawiana kiasi cha kupeleka sokoni, ndiyo yaliyoshika bei. Yakavunjika, na bei ya dunia ikaporomoka karibu nusu. Mimi nilikuwa katibu wa chama cha msingi. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: mkulima analeta kahawa ya maganda, inapimwa, anapewa malipo ya awali. Kahawa ikishauzwa mnadani Moshi, kinachozidi kinarudi kama malipo ya pili. Bei ilipoanguka, malipo ya pili hayakuja. Mshahara wangu wa ukatibu ulikuja. Nilisimama mbele ya watu walionijua toka utoto nikawasomea karatasi, wakanyamaza, wakaondoka mmoja mmoja. Wengine walikwenda wakang'oa mibuni wakapanda nyanya na ndizi za kuuza.

Nakueleza hili kwa sababu wengi hapa watakuambia dawa ni ushirika. Mimi ni mtoto wa ushirika. Baba yangu alikuwa mwanachama. Wachaga walianza chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa mbele, wakati walowezi wa Kizungu hawakutaka kabisa Mwafrika apande buni. Mwaka 1933 kikawa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Shule tulisoma kwa pesa ile. Kisha 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote nchi nzima, mali zikachukuliwa na mamlaka za mazao, na wanachama hatukuulizwa. Sheria ya 1982 ikavirudisha, lakini mtu akishaona ng'ombe wake ameuzwa bila kuulizwa, hata umrudishie ndama hamwamini tena mchungaji.

Na kuna jambo jingine ambalo nimelielewa nikiwa mzee. Kadi ya uanachama ilikuwa ya mwenye kihamba, shamba la ukoo, na mwenye kihamba ni mwanamume. Marehemu mke wangu ndiye aliyechuma, akakoboa, akaosha, akaanika na kuingiza ndani mvua ikitishia. Malipo yalisomwa kwa jina langu. Kura nilipiga mimi. Katika miaka yote ya ukatibu wangu niliita majina ya wanachama mia mbili na zaidi, na wajane tu ndio waliokuwa wanawake. Tulisema "mtu mmoja, kura moja" na tuliamini. Ningekuwa na nafasi ya kurudi, ningeanzia hapo.

Kwa hiyo swali lako la hasara liulize pamoja na hili: kadi iko kwa jina la nani?

---

Nyota_ya_Kwale alijibu:

Dadangu wa bamvua, nakuelewa kuliko unavyodhani. Kwetu ni Kibuyuni, karibu na Shimoni, nasi twalima mwani na twatengeneza sabuni. Kusi na kaskazi ni zile zile.

Nitakuambia ukweli ninaouona na usinikasirikie. Hao kina mama 12 wenye mshahara, usiwadharau kwa sababu wewe wasumbuliwa na wale 52 wengine. Mshahara wa kila mwezi ni kitu kikubwa. Mama mwenye mshahara aweza kumwambia mwenye duka "nitakulipa tarehe tano" na akaaminiwa. Mimi nimelelewa na nyanya aliyekuwa hajui pesa ya Ijumaa itatoka wapi, na nakuhakikishia angeuacha ushirika na kura zake zote apate mshahara. Watu waliosoma hupenda sana kina mama waketi mikutanoni. Mkutano ni saa tatu za mtu aliyetoka pwani, hajateka maji, hajapika. Huo nao ni mzigo, na hakuna anayeulipia.

Lakini kwa hasara, hapo uko sawa kabisa, na nitakupa mfano wangu.

Mnajua habari ya Muhammad Yunus wa Bangladesh. Mwaka 1976, kijiji cha Jobra, alitoa dola 27 za mfukoni mwake kwa watu 42 waliokuwa wakinyonywa na wakopeshaji. Ikazaliwa benki ya Grameen mwaka 1983, na 2006 akapewa Nobeli ya Amani pamoja na benki yenyewe. Jambo zuri. Wazo lilikuwa kwamba maskini hana shamba la kuweka rehani, basi wenzake kikundini wawe ndio dhamana yake. Wazo hilo likatembea dunia nzima mpaka likafika mlangoni kwetu, likiletwa na mkopeshaji ambaye naye alijiita mkombozi wa wanawake.

Mwenzetu mmoja kikundini alichukua mkopo wa cherehani. Mtoto akaugua, pesa zikaenda hospitali, akashindwa kulipa wiki tatu. Yule afisa wa mikopo hakumgusa. Alituketisha sisi chini ya mwembe akasema hakuna anayeondoka mpaka deni la wiki litimie. Tukachanga. Wiki ya nne tukakasirika. Wiki ya tano tukaenda sisi wenyewe, majirani zake, wengine tumezaliwa nyumba moja, tukaitoa ile cherehani nyumbani kwake mtoto akiwa amelala mkekani. Mimi nilishika upande mmoja wa meza yake. Mpaka leo tukikutana sokoni anaamkia watoto wangu, mimi hanitazami.

Hasara haikupotea. Ilitolewa kwenye vitabu vya mkopeshaji ikawekwa baina yetu. Vitabu vilibaki safi na ripoti ikasema karibu wote tunarejesha. India, jimbo la Andhra Pradesh, mambo haya yalifika mbali mno mpaka 2010 serikali ya jimbo ikaingilia kati, baada ya habari za wakopaji waliojiua kwa madeni. Kwa hivyo ukisikia kiwango cha urejeshaji ni kikubwa, uliza kilirejeshwa na nani, na kwa kuuza nini.

Deni la kamba la mamako ni cherehani ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii afisa wa mikopo ni bahari.

---

KaraniWaSheria alijibu:

Nimefanya kazi ya kusajili makampuni na vyama hapa Dar kwa miaka kadhaa, nitagusa upande huo tu.

Tanzania hatuna sheria maalumu ya biashara ya kijamii. Anayetaka kuifanya anachagua nguo iliyopo: asasi isiyo ya kiserikali, kampuni, au ushirika, kisha anaibana imkae. Dada, kumbuka pia Zanzibar ina sheria zake za makampuni na za ushirika, usichukue za Bara ukadhani zinafika huko. Wengine wamekwishatunga nguo yao. Italia ina sheria ya ushirika wa kijamii toka 1991. Uingereza toka 2005 wana aina ya kampuni ambayo mali yake imefungwa kisheria: haiwezi kuhamishwa ikaingia mifukoni mwa wenye hisa, na gawio lina ukomo. Ni kitu kizuri. Ila tazama vizuri: sheria hizo zinalinda mali na faida. Hasara ya mkulima aliye nje ya mlango wa kampuni haimo, kwa kuwa kisheria yeye ni muuzaji tu.

Hapo ndipo mama yako alipo. Yeye si mwajiriwa, hana hisa, si mwanachama. Anaitwa "mnufaika" kwenye ripoti na "muuzaji" kwenye mkataba, na muuzaji akikosa bidhaa ni shauri lake.

Mahali ambapo hasara imegawanywa kweli, ninaopajua mimi, ni Mondragon, nchi ya Wabaski huko Uhispania. Ushirika wa viwanda ulioanzishwa 1956 na wanafunzi wa padri mmoja, José María Arizmendiarrieta. Mwaka 2013 kiwanda chao cha majokofu na mashine za kufulia, Fagor, kilifilisika. Wanachama wengi walihamishiwa kwenye ushirika mwingine wa kundi lilelile badala ya kutupwa mtaani. Walipoteza akiba walizokuwa wameziweka humo, hilo ni kweli, waliumia. Ila walikuwa na mahali pa kwenda. Wafanyakazi wa kiwanda chao cha Poland hawakuwa wanachama, na mlango huo haukuwahusu. Mzee wa Kihamba amesema kadi iko kwa jina la nani. Mfano huu unamuunga mkono.

Na kwa upande wa bei, harakati ya biashara ya haki iliyoanza Uholanzi 1988 kwa kahawa ilileta kitu kimoja cha maana, bei ya chini isiyoshuka hata soko likianguka. Hapo mnunuzi anabeba sehemu ya hasara ya soko. Lakini bei ya chini haimsaidii mtu ambaye hana hata kilo moja ya kuuza. Kwa mwani uliokufa unahitaji kitu kingine, na hicho mnaweza kukiandika wenyewe kwenye mkataba wa ununuzi bila kusubiri Baraza la Wawakilishi: vifaa vikipotea kwa joto au tufani, deni linafutwa nusu au lote. Ni kifungu kimoja. Nimekwishaona vifungu vigumu kuliko hicho vikikubaliwa na watu wagumu kuliko meneja wako.

---

BintiWaBamvua alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Nimemsomea mama ulichoandika kuhusu kadi. Alikaa kimya, kisha akaniuliza mkeo aliitwa nani amwombee dua. Nikamwambia hukutaja jina. Akasema ataomba hivyohivyo.

Dada wa Kwale, sikukasirika. Umenisaidia kuona kosa langu. Nilikuwa naandika "wanawake" kana kwamba ni mtu mmoja.

Ijumaa iliyopita baada ya sala niliwaita kinamama chini ya mti wa mkungu pale karibu na kiwanda. Sikuwaita kwa jina la kampuni, niliwaita kama mtoto wa kijiji. Nilifupisha kwa sababu ya ile hesabu yako ya saa tatu. Walikuja 41. Nikawauliza wazi: mkipewa hisa za kampuni, mnataka?

Wa kiwandani walisema ndiyo haraka haraka. Wa pwani walinyamaza. Kisha mmoja wa kiwandani, shoga yake mama tangu ujana, akasema kwamba hisa ziende kwa wanaotengeneza sabuni, kwa sababu wao ndio wanaoijua kazi. Wa pwani wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Mmoja akajibu kwamba sabuni isiyo na mwani ni sabuni ya dukani. Pakachemka. Watu waliokuwa wakibebana magunia miaka yote wakaanza kuhesabiana. Nilisimama pale nikaelewa kwamba nchi nzima ya Tanzania ingeweza kuandikwa kwenye ripoti kama "jamii" na bado ndani yake kukawa na mwenye mshahara na asiye nao, na kila mmoja akitafuta pa kuegemea.

Mama hakusema kitu mpaka karibu na mwisho. Akasema yeye hataki hisa kwa sasa. Anataka mambo mawili. Kwanza, mzani usomwe kwa sauti, na yeye aandike kwenye daftari lake mwenyewe, siyo kupewa karatasi jioni. Pili, kamba zilizochukuliwa na bahari asidaiwe. Alisema, "Kamba niliyoikata mimi nitailipa. Iliyokatwa na joto, joto silipiki mimi." Wakamshangilia pande zote mbili, wa kiwandani na wa pwani.

Nimekuwa nikilifikiria lile neno la joto tangu siku hiyo. Mama hajawahi kumiliki gari. Mpaka mwaka juzi nyumba yetu haikuwa na friji. Walioipasha bahari moto wako mbali, na baadhi yao ndio wanaopiga mswaki kwa dawa yenye mwani wake. Halafu bili inaletwa kwake kwa jina la kamba na tai-tai.

Jumatatu nilipeleka maombi mawili kwa meneja, kwa maandishi, na majina 41, wengine kwa saini na wengine kwa dole gumba. La mzani amekubali siku hiyohiyo. Kwa kweli aliona aibu kidogo kwamba halikuwa likifanyika. La kamba amesema lazima liende bodi, na bodi inakaa mwezi ujao. Nimemuomba mama au mwenzake yeyote wa pwani aingie kwenye kikao hicho kulisema mwenyewe. Hajanijibu. Nimemwambia pia kwamba ripoti ya mwaka huu nitairudishia ile safu, hata kama fomu haina nafasi yake, nitaiambatisha ukurasa wa nyuma. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema niandike lakini niweke ushahidi wa kila kamba. Hilo naliweza. Kinamama wanakumbuka kamba zao kuliko mimi ninavyokumbuka majina ya wenzangu wa chuo.

Ya picha kwenye sabuni niliisahau kabisa katika joto la mkutano. Nitairudia.

---

MzeeWaKihamba alijibu:

Mke wangu aliitwa Veronika. Mwambie mama yako namshukuru.

Lile daftari lake, lishike sana. Mwaka 1994 kulikuwa na mzani hapa kwetu uliokuwa unakula kilo mbili kila gunia. Aliyeugundua ni mwanamke mmoja asiyekuwa hata mwanachama, kwa sababu alikuwa na ndoo yake ya kupimia nyumbani na alikuwa na uhakika nayo. Wakubwa tulimwambia akae kimya kwanza. Alikataa. Fundi wa mizani alipokuja kutoka wilayani, kilo zilikuwa mbili kamili.

Na wa kwenda bodini asiende mmoja. Waende wawili. Mmoja peke yake chumbani na watu watano watamkaribisha soda na kumaliza.

---

Nyota_ya_Kwale alijibu:

Wawili, naam. Na nauli yao ilipwe, na siku hiyo wahesabiwe kama siku ya kazi. Andika hilo kwenye barua kabla hawajasema ndiyo.

Dadangu, huko kwenu wapo wanaofundisha kina mama kuogelea? Huku tumeanza kulizungumza, kwa sababu vijana wa kiume ndio sasa wanaokwenda kina kirefu, na tukichelewa tutakuwa tunawauzia tai-tai.

---

BintiWaBamvua alijibu:

Kwengine kisiwani wapo, kwetu bado. Mama anasema ameshazeeka, lakini mdogo wangu ana miaka 19 na ameniambia anataka. Shida ni mavazi na macho ya watu, pamoja na mahala penyewe, kwa sababu upande wa mchanga mzuri wageni wanaoteleza majini kwa mbao zinazovutwa na tiara wamejaa na kamba zetu zinakatwa na mapezi ya mbao hizo. Hiyo nayo ni hasara isiyokuwa na safu, lakini nitaifungulia mada yake.

Kaka Karani, nimeandika kile kifungu kama ulivyoeleza: vifaa vilivyopotea kwa joto au tufani havidaiwi, mkulima akitoa taarifa ndani ya bamvua mbili na wenzake wawili wakathibitisha. Nimekwama kwenye neno "joto". Nani atasema bahari ilikuwa na joto kiasi gani siku hiyo? Kampuni haina kipimo. Niliwaza kuwaandikia Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambako Flower Msuya na wenzake wamewafanyia kazi wakulima wa mwani muda mrefu na tangu 2006 wakawaunganisha kwenye mpango wa kusindika wenyewe, wanishauri kipimo cha bei nafuu ambacho kinamama wanaweza kukisoma. Au uthibitisho uwe ni mwani wenyewe, ukipauka unaonekana na kila mtu, hauhitaji mashine?

Kama una mfano wa mkataba wenye kifungu cha namna hiyo, hata wa mahindi au wa mifugo, niwekee hapa kabla ya Jumapili. Bamvua likianza, hakuna atakayekuja mkungu.